Makaburi ya Maneno ya Bi. Kucera

Jumatatu hiyo, kabla hata hajavua koti, Bi. Arlys Kucera alikuwa ameshasimamishwa na watu watatu kuhusu alama za Jolee Hruska, na kati ya hao watatu hapakuwa na mzazi wa Jolee hata mmoja. Wa kwanza alikuwa muuza kahawa wa kituo cha petroli, aliyemnyooshea kikombe kisha akakishikilia mpaka amalize kusema lake. Wa pili alikuwa dereva wa basi la shule. Wa tatu alikuwa Verlin, mfagizi, aliyekuwa ameegemea ufagio mlangoni mwa darasa lake kama mtu aliyetumwa na kamati.

"Bi. Kucera, nasikia mtoto yuko hamsini na saba."

"Umesikia wapi?"

"Kila mtu anajua."

"Basi mimi ndiye niliyechelewa kujua alama ninazotoa mwenyewe. Alama za mtoto wa watu ni siri, Verlin. Kuna sheria."

"Sheria ipo," Verlin akakubali. "Ila jana baada ya misa tulikuwa tunapiga hesabu. Anataka tatu tu."

"Anazitaka, azitafute. Nipishe nipite."

Huo ndio mji wa Plum Fork. Mtu akiugua ini, hamna anayejua mpaka siku ya mazishi, lakini msichana wa timu ya voliboli akiteleza katika somo moja, habari inafika kwenye mabanda ya nguruwe kabla ya saa tatu asubuhi. Kila Ijumaa saa sita mchana walimu hupeleka orodha ofisini, na mwanafunzi aliye chini ya sitini katika somo lolote hachezi wiki hiyo. Ijumaa hii, saa moja jioni, wasichana wa Plum Fork walikuwa na mechi ambayo mshindi wake angekwenda fainali za jimbo la Nebraska. Walikuwa hawajafika huko kwa miaka kumi na moja. Jolee ndiye aliyekuwa akiwanyanyulia wenzake mpira waupige, na bila yeye wale wengine wangebaki kurukaruka tu kama kuku.

Na somo lililomkwamisha lilikuwa Kiingereza, lugha aliyozaliwa nayo, na mwalimu wake alikuwa Arlys Kucera, mwanamke ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kumwongezea mtu hata nusu alama ya huruma.

Ukuta wa nyuma wa darasa lake ulikuwa umefunikwa karatasi nyeusi, na juu yake yalibandikwa makaburi ishirini na manne ya karatasi ngumu ya kijivu. Kila kaburi lilikuwa na neno na tarehe ya kuzikwa. Zuri. Baya. Kubwa. Kitu. Sana. Penda. Furaha. Huzuni. Choka. Sawa. Sema. Maneno hayo, kwa hukumu ya Bi. Kucera, yalikuwa yamekufa kwa kutumiwa ovyo. Kila Septemba wanafunzi wa darasa la kumi na moja walivaa nguo nyeusi, wakabeba boksi la viatu kama jeneza, mmoja akasoma wasifu wa marehemu, mwingine akajitia kulia, kisha wote wakala kolache, mikate midogo mitamu yenye jamu ya plamu, aliyoioka mwalimu mwenyewe. Watoto waliipenda siku hiyo kuliko siku zote za mwaka. Hawakupenda yaliyofuata. Kuanzia siku ya mazishi, kila neno la makaburini lililoonekana kwenye insha liliitwa mzuka, na mzuka mmoja ulikula alama tatu. Badala yake alikuwa akiwapa maneno ishirini mapya kila Jumatatu na mtihani kila Alhamisi, na ole wake aliyedhani ataishi kwa kubahatisha.

Ukimwona kwenye duka la vyakula, na miwani yake iliyoning'inia kifuani na viatu vyake vya muuguzi, ungedhani ni mwanamke mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa binti wa mkulima wa mahindi, mtoto wa sita kati ya saba, aliyekwenda chuo kikuu na sanduku la kuazima. Insha yake ya kwanza profesa aliisoma mbele ya wote, akaishusha, akasema, "Dada huyu amekuja chuoni na vivumishi vinne tu vya kuelezea dunia nzima." Watoto wa mjini wakacheka. Arlys alicheka nao, maana angefanya nini, halafu akaenda kukaa chooni mpaka kipindi kikaisha. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna mtoto wa Plum Fork atakayechekwa hivyo kama yeye yuko hai. Hasira aliyoitoa kule chooni ndiyo aliyokuwa akifundishia mpaka leo.

Jumatano akaja Kocha Pavelka. Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigonga ubao, mwanamume wa miaka arobaini na moja mwenye filimbi shingoni.

"Mwalimu, sikuja kukuomba umpe alama."

"Vizuri. Umekuja kuniomba nini?"

"Nimekuja kuuliza kama kuna njia."

"Njia ipo, na yeye anaijua. Insha ya kumwelezea mtu wa nyumbani. Ya kwanza ilikuwa na mizuka kumi na minane, Brent. Kumi na minane. Nilikuwa nasoma huku nahisi natembea makaburini kweli. Akiiandika upya na kupata themanini, anafika sitini. Mwisho Ijumaa saa sita, na iwe na saini ya mzazi."

"Na ikiwa na sabini na nane?"

"Atakaa benchi. Kama ulivyokaa wewe."

Kocha akasugua filimbi yake. Kila mtu mjini alijua kisa hicho: akiwa darasa la kumi na moja, mizuka mitano, na mechi ya mpira wa miguu aliyoitazama akiwa na koti na suruali ya kitambaa.

"Bado huwa naiota ile mechi," akasema.

"Lakini leo unaandika barua kwa wazazi bila neno 'kitu' hata moja. Nimeziona."

Pavelka akajichomoa kwenye dawati. Aliondoka, na Arlys akabaki akisahihisha kwa kishindo, maana kabla ya jioni alikuwa amepigiwa simu na Padri Ambrose, ambaye eti alitaka tu kumjulia hali, na dada yake mwenyewe kutoka mji wa jirani. Hata kwa daktari wa meno hakusalimika, na pale hakuweza kujibu kwa kuwa alikuwa amefunguliwa mdomo.

Alhamisi asubuhi insha ilikuwa mezani. Imepigwa chapa vizuri, kurasa mbili, na chini kabisa saini ya Rhonda Hruska, mama mtu. Arlys akachukua kalamu nyekundu, akavaa miwani, akaanza.

"Mama yangu ni ajuza mwenye kimo cha wastani na haiba isiyomithilika," Jolee alikuwa ameandika. "Baada ya kuhitimisha majukumu yake kiwandani, hurejea maskanini akiwa amesheheni unyong'onyevu. Nimhojipo kuhusu siha yake, hunena kwamba yu katika ustawi."

Arlys alitaka kucheka, kisha akataka kulia, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyokaa. Alisoma mpaka mwisho. Akarudia, safari hii akihesabu. Hakuna mzuka. Hata mmoja. Mtoto alikuwa ameshika kamusi ya visawe akaifyeka kama mtu anayevuna mahindi, akatia kila alichokata. Na kanuni ilikuwa wazi: mzuka ukiwepo toa tatu, usipokuwepo usitoe. Kuhusu upuuzi kanuni haikusema lolote. Kwa kanuni ya Bi. Kucera mwenyewe, aliyoitunga yeye na kuilinda miaka thelathini na moja, takataka ile ilikuwa na mia kwa mia.

Angeiandika mia hiyo na kwenda zake kunywa chai, mji mzima ungemshukuru. Badala yake akamwita Jolee kabla ya mazoezi.

Msichana akaja na mfuko wa michezo begani, mrefu, nywele amezifunga kwa utepe wa bluu wa timu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye karatasi.

"Umekisoma ulichoandika?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ajuza ni nani?"

"Si mwanamke mtu mzima?"

"Mama yako ana miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Mimi nina sitini na mbili, na ukiniita ajuza nitakutoa nje. Mama wa miaka thelathini na tisa umemzeesha hivyo kwa nini?"

Jolee akatazama viatu vyake. "Nilifikiri ukiona maneno magumu utafurahi. Samahani, nimesema 'furahi'."

"Ukiongea, ni ruhusa. Mama yako ameisoma?"

"Ameisaini."

"Sikukuuliza kama ameisaini."

"Alisoma mistari kama miwili hivi. Alikuwa anafunga buti za kwenda kazini. Akaniambia, mwanangu, hii ya wasomi siielewi, lete kalamu." Jolee akatabasamu kidogo. "Alijisikia raha, Mwalimu. Akasema sasa naandika kama watu wa chuo."

Maneno hayo yalimwingia Arlys vibaya. Miaka yote hii aliamini anawapa watoto ufunguo, na kumbe huyu alikuwa ameutumia kumfungia mama yake nje. Rhonda Hruska alikuwa amepewa kurasa mbili zinazomhusu yeye, zilizoandikwa na mwanawe wa pekee, na alichoweza kufanya ni kuomba kalamu. Arlys aliona aibu, na kwa kuwa hakuzoea kuona aibu, ilitoka kwa sauti ya ukali.

"Weka mfuko chini. Niambie kwa mdomo. Hapa kwenye huo unyong'onyevu, ulitaka kusema nini?"

"Kwamba amechoka."

"Endelea."

"Amechoka kila siku. Anatoka kiwanda cha nyama saa tisa, anakwenda kufua mashuka kule nyumba ya wazee mpaka saa mbili. Nikimwuliza, anasema yuko sawa. Anasema yuko sawa hata akiwa amelala kwenye kochi na koti lake. Mimi najua hayuko sawa, na yeye anajua kwamba najua, halafu hakuna anayesema." Akavuta kamba ya mfuko. "Nampenda. Sana. Ndiyo hivyo tu."

Vidole vya Arlys vilikuwa vikihesabu vyenyewe pembeni ya meza, kwa mazoea. Akavikunja.

"Andika hivyo."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mwalimu, humo mizuka itapita kumi. Nitapata sitini na kitu. Sitacheza."

"Hesabu ya kutoa naijua."

"Sasa unataka nilete ipi?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Alitaka kujua tu. Na Bi. Kucera, aliyewahi kumsahihisha mkuu wa wilaya ya elimu mbele ya wageni wake, akaigonga kwa kidole ile insha iliyopigwa chapa.

"Hii ninayo," akasema. "Kwa kanuni ni mia. Usipoleta nyingine nitaandika mia, kesho utacheza, na sitakulaumu. Ukileta nyingine, ilete kabla ya saa sita, na mama yako asaini akiwa amesoma yote. Lakini sikuahidi lolote."

"Mwalimu, hiyo si haki."

"Si haki. Nenda mazoezini."

Nyumbani alimsimulia mumewe, Delmar, huku akipakua viazi kama anayevitupa. Delmar alikuwa mtu wa kuuza matrekta, na kwa miaka thelathini na tano ya ndoa alikuwa amejifunza kusikiliza akiwa anatafuna.

"Mpe hiyo mia," akasema, "watu tule kwa amani. Leo dukani wamenizingira wanne."

"Nikimpa mia nitakuwa nimempa kwa uongo."

"Basi pokea hiyo nyingine, iliyo kweli."

"Nikiipokea na mizuka yake, niwaambie nini wote niliowakata? Pavelka? Wapwa zako? Watoto mia nane na zaidi, Delmar."

"Kwa hiyo ulikosea."

"Sijasema nilikosea."

"Sawa."

"Usiniambie sawa."

"Kwa nini?"

"Limezikwa."

Delmar akaweka uma chini. "Arlys, mke wangu, kwenye meza hii nimekula miaka mingapi bila kusema chakula ni kizuri? Unadhani sikuwa nataka?"

Akaendelea kula. Arlys alisimama na kijiko mkononi, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuna aliyekuwa akimwomba alama, na bado alijisikia kubanwa.

Ijumaa ikafika saa tano, ikafika saa tano na nusu, na Jolee hakuonekana. Nje kwenye korido Kocha Pavelka alikuwa akisoma ubao wa matangazo, tangazo lile lile la chanjo ya mafua, kwa dakika kumi na tano. Arlys alikwisha kufungua ukurasa wa alama kwenye kompyuta. Alijiambia kwamba mtoto amekuwa na akili, amechagua mia, na nani angemlaumu. Alijiambia pia kwamba hilo lilimpa nafuu, na huo ulikuwa uongo. Aliumia.

Dakika saba kabla ya saa sita, Jolee akaingia. Karatasi ilikuwa ya daftari, imeandikwa kwa mkono, imekunjwa mara nne. Aliiweka mezani, akabaki amesimama.

Arlys alisoma. Ilikuwa ukurasa mmoja. Ilikuwa na buti za kazini zilizopangwa mlangoni zikielekea nje ili asubuhi zivalike haraka. Ilikuwa na Rhonda akila amesimama kwenye sinki, maana akikaa hainuki tena. Ilikuwa na yale maneno, mama anasema yuko sawa, mama anasema yuko sawa, mara tatu kwenye ukurasa mmoja, na Arlys hakuona pa kuyatoa. Chini palikuwa na saini, na chini ya saini mwandiko mwingine, wa herufi kubwa zisizonyooka, wa mtu asiyeandika mara kwa mara.

"Nimesoma yote. Ni kweli. Nimechoka."

Arlys akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akachukua kalamu nyekundu. Mizuka ilikuwa kumi na mmoja. Thelathini na tatu. Sitini na saba. Jolee naye alikuwa ameshahesabu, ilionekana usoni.

"Hii 'sana' ya mstari wa tisa," Arlys akasema, akaipiga mstari. "Haifanyi kazi yoyote hapa. Umeshasema amechoka, inatosha. Alama tatu."

"Na hizo kumi zingine?"

"Hizo kumi zingine zinafanya kazi." Akaandika tisini na saba juu ya karatasi, akaizungushia duara.

Jolee hakushangilia. "Lakini kanuni, Mwalimu."

"Kanuni nitagombana nayo mwenyewe Jumatatu, mbele ya darasa. Na huyo anayejifanya anasoma mambo ya mafua hapo nje, naye nina la kumwambia. Wewe hilo halikuhusu. Mbona umechelewa hivi? Nusura unitoe roho."

"Nilikuwa nampikia mama mayai."

"Saa tano? Si yuko kazini?"

"Hajaenda." Jolee alisema hilo kama mtu ambaye mwenyewe bado hajalizoea. "Alisoma, akakaa pale mezani. Nilifikiri amekasirika. Halafu akapiga simu kiwandani akawaambia leo haji, akapiga na kule kwa wazee. Sijawahi kumwona akipiga hizo simu, Mwalimu. Amekula mayai, ameingia kitandani, kitandani kabisa, si kwenye kochi. Ameniomba nimwamshe saa kumi na moja, aje kunitazama nikicheza."

Arlys akaingiza tisini na saba, akabonyeza, orodha ikaenda. Saa ya ukutani ilibakiza dakika mbili.

"Saa kumi na moja wewe utakuwa uwanjani unapasha mwili," akasema, "na kutoka kwenu mpaka hapa ni dakika kumi. Mwache alale mpaka kumi na mbili. Nitapita mimi nimwamshe."